Kinachozidi ni Chako

Leo nataka tuzungumze habari za dalali. Najua wengine mkilisikia neno hilo tu mnanuna, maana mjini hapa kila mtu ana dalali wake wa kumlaani. Lakini wanaolalamika mara nyingi ni wapangaji: kalipa hela ya kuonyeshwa chumba, kapelekwa Sinza, kazungushwa Mwananyamala, kumbe chumba kilishachukuliwa tangu juzi. Ya mpangaji tumeyasema sana. Leo nina maneno na wewe mwenye nyumba unayetaka kuuza. Mali ni yako na dalali anafanya kazi yako, lakini wapo wenye nyumba wengi tu Dar es Salaam waliokwisha kuuza, wakahama, na hadi leo hawajui nyumba zao ziliuzwa shilingi ngapi.

Nianze na shangazi yangu. Shangazi ana nyumba Tabata Kimanga. Alikuwa nayo, nisikimbilie mbele. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha pablik, uzio wa matofali na geti la buluu. Mbele ya baraza pana mwembe ambao watoto wa mtaa mzima wameupiga mawe tangu enzi hizo. Mumewe alifariki, watoto wamejitegemea, mmoja yuko Dodoma, mwingine Mbeya. Shangazi akaona bora arudi Tanga akaishi karibu na dada yake, nyumba iuzwe.

Akaja kijana mmoja, dalali wa palepale mtaani, mchangamfu, shikamoo haimkauki mdomoni. "Bi mkubwa, unataka ngapi?" Shangazi akatamka sentensi ambayo mimi naamini inawaumiza wauza nyumba kuliko utapeli wote tunaosimuliana: "Mimi nipe milioni 80 zangu mkononi. Kinachozidi ni chako, mwanangu."

Kwa akili yake alikuwa amemaliza. Hatoi kamisheni, hasumbuliwi, hakai kupiga hesabu na mtu. Kijana akapiga picha nne kwa simu, akaaga.

Miezi mitano ikapita kimya. Siku moja binamu yangu aliyeko Mwanza akanipigia. "Nimeona nyumba Instagram, iko Tabata, wanataka milioni 112. Sasa mbona huo mwembe kama naujua?" Akanitumia picha. Geti la buluu, mwembe, na kwenye kamba pembeni, kitenge cha shangazi kimeanikwa.

Nikapiga ile namba kama mnunuzi. Sauti haikuwa ya yule kijana wetu. "Bosi, hiyo mali ya moto, mwenyewe ana shida, wahi. Ila kuja kuiona ni elfu 30." Nikamuuliza, mwenye nyumba unamfahamu? "Namfahamu sana, mzee mmoja hivi, yuko Ulaya." Wakati huo huyo mzee wa Ulaya alikuwa Kimanga, kakaa kwenye kigoda, anachambua mchele.

Tulipofuatilia tukakuta njia imekwenda hivi. Shangazi kasema 80. Kijana kamwambia mwenzake wa Segerea kuwa mwenye mali anataka 92. Yule wa Segerea kampelekea wa tatu kwa 100. Wa tatu, huyu wa Instagram, kaandika 112, bei inaongeleka. Hicho kinachoongezwa ndicho wenyewe wanakiita cha juu. Na usije ukasema wameiba. Shangazi mwenyewe aliwapa ruhusa kwa mdomo wake, mbele yangu, na mimi nilikuwa nakunywa chai, sikusema neno.

Sasa nikueleze ubaya wa hiyo sentensi, kwa sababu ukiisikiliza haraka inaonekana ni ya mtu mjanja. Siku unapomwambia dalali "kinachozidi ni chako", umemfukuza kazi. Si wakala wako tena. Amegeuka mnunuzi asiye na hela, anayetafuta mtu wa kumuuzia nyumba yako kwa bei yake. Kuanzia hapo ana sababu tatu za kukuficha: usimjue mnunuzi, mnunuzi asikujue wewe, na kila ofa inayokuja isikufikie mpaka yeye aridhike na fungu lake. Tulikuja kusikia kwa muuza duka wa jirani kwamba mwezi wa tatu walifika mume na mke, walimu wote wawili, wakaipenda nyumba, wakasema wanazo milioni 88. Wakajibiwa mwenye nyumba hataki kusikia chini ya 100. Mwenye nyumba alikuwa anataka 80! Hizo 88 angezipokea kwa mikono miwili na kigelegele juu.

Kuna na la pili, hili watu huligundua wakiwa tayari wamechelewa. Tuseme cha juu kimekubali, mnunuzi ametoa 98, wewe umepewa 80 zako umefurahi. Mkataba wa mauziano utaandikwa ngapi? Mnunuzi mwenye akili atataka kiandikwe alichotoa, 98. Aliyeuza kwenye karatasi ni wewe, kwa hiyo kodi ya faida inakuangalia wewe. Kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama zake, kodi hiyo ni asilimia 10 ya faida. Zile milioni 18 zilizobaki kwa dalali zinahesabiwa kuwa faida yako, na asilimia 10 yake ni milioni 1.8. Unalipia kodi hela ambayo hukuiona hata rangi yake. Kamisheni uliyoilipa kihalali na ukapewa risiti ungeweza kuiingiza kwenye gharama za kuuza. Cha juu hakina risiti, msikilizaji.

Nenda pale soko la samaki la Feri asubuhi uone udalali ulivyokuwa tangu zamani. Samaki wamemwagwa chini, dalali anaita bei kwa sauti, wachuuzi wanapandisha, na mwenye samaki kasimama hapohapo anasikia kila shilingi inayotajwa. Dalali anakata chake mbele ya macho ya watu. Mwenye samaki wa laki moja anaijua bei ya mali yake kwa hakika kuliko mwenye nyumba wa milioni 100.

Nirudi Kimanga. Baada ya miezi kumi na minne hivi ya kusubiri, mvua mbili zimepita, rangi imeanza kubabuka upande wa kusini, nikamtafuta dalali mwingine. Mzee mmoja wa Buguruni, mtu wa kofia, anatembea na kaunta buku kwapani kama karani wa bandari. Alipokaribishwa kiti hakuuliza bei. Aliuliza maswali matatu: "Mama, nyumba hii ina kesi? Ina mume? Ina benki?"

Shangazi akacheka. "Kesi haina, benki haina. Mume alikuwepo, amekwenda mbele za haki."

"Mungu amrehemu. Na hati ina jina la nani?"

Kimya. Hati ilikuwa na jina la marehemu.

"Basi mama yangu," mzee akasema taratibu, "kwa sasa huna nyumba ya kuuza. Tuanze mahakamani, upate usimamizi wa mirathi, hati ihamie kwenye jina la msimamizi, halafu tuzungumze bei."

Mimi nilikasirika, na si kwa mzee. Miezi kumi na minne madalali watatu wametangaza nyumba, wametoza watu elfu 30 kuja kuitazama, na hakuna aliyewahi kuomba kuiona hati. Wale walimu wawili wangelipa, wangefika kuomba uhamisho, wangekwama, na shangazi angeitwa tapeli uzeeni.

Kwa hiyo la kwanza la kumtarajia dalali ni hilo: karatasi kabla ya picha. Akiona una hati miliki, aulize imebaki miaka mingapi, maana ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na wewe umepewa muda, 33 au 66 au 99. Kama eneo halijapimwa na una leseni ya makazi, ajue tofauti yake na hati, na amwambie mnunuzi hivyohivyo bila kupamba. Aulize kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, haina maneno. Ya ardhi ndiyo watu huisahau miaka kumi, halafu inawasubiri siku ya kuhamisha. Na swali la "ina mume" au "ina mke" si udaku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Wanaume wenzangu wa "nyumba ni yangu, niliijenga mwenyewe", hapo ndipo mnaponasa. Dalali anayekwambia "hiyo tutaimaliza palepale" anakuandalia kesi.

Mirathi ilichukua miezi kadhaa. Mzee hakuchoka, alikuwa anapiga simu kila baada ya wiki mbili kuuliza tumefikia wapi. Tulipomaliza ndipo akafungua kaunta buku na kuzungumza bei, na hapo nilijifunza kitu. Hakuzitaja nyumba zinazotangazwa. Alizitaja zilizouzwa. "Ile ya kona, kama hii, haina uzio, iliuzwa 74. Ile ya mwalimu mstaafu, ina kisima, 91. Hii yako, mama, ni ya 85 mpaka 90. Zile 80 ulizitoa wapi?" Shangazi akasema alizisikia kwa jirani. Jirani naye alizisikia msibani.

Bei ya tangazo ni maombi tu ya mwenye mali, haina ushahidi wowote ndani yake. Mwombe dalali nyumba tatu za jirani zilizokwisha kuuzwa, lini, kwa ngapi, na zina nini ambacho yako haina. Asipoweza kuzitaja, mtaa huo haujui. Na akikupa namba kubwa ya kukufurahisha siku ya kwanza ili umpe kazi, ujue miezi mitatu baadaye atarudi na uso wa huzuni kukwambia soko limelala. Kama mna ubishi, lipia mthamini. Wathamini wana sheria yao ya 2016 na bodi inayowasajili, na ripoti ya mthamini utaihitaji mbele ya safari hata hivyo.

Kuhusu picha na kufagia uwanja sina mengi. Toa nguo kwenye kamba, basi.

Ila nikuonye kuhusu kopi ya hati. Madalali wana makundi ya WhatsApp, na kopi ya hati yako ikishaingia humo inasafiri kuliko wewe. Kesho mtu usiyemjua anaionyesha kwa mtu mwingine usiyemjua, anachukua kishika uchumba cha milioni mbili, anazima simu. Mzee wa Buguruni aliwapa wanunuzi namba ya kiwanja na kitalu tu, wakafanye upekuzi wenyewe kwenye ofisi za ardhi. Hati yenyewe aliionyesha mara moja, kwa mwanasheria wa mnunuzi, shangazi akiwa ameishika upande mmoja.

Na ile kaunta buku! Kila aliyekuja kutazama aliandikwa tarehe, na alichokisema. Jumapili jioni mzee anampigia shangazi anamsomea. "Wa kwanza, kasema mbali na lami. Wa pili, choo. Wa tatu ametoa 79. Wa nne, choo. Mama, kitengeneze choo." Shangazi akatoa laki tatu, choo kikawekwa vigae vipya. Angalia huyo wa tatu: ofa ya 79 ilikuwa chini, mzee mwenyewe aliidharau, lakini aliileta. Si kazi ya dalali kukataa hela kwa niaba yako. Aseme maoni yake, uamuzi ni wako. Ukiona mwezi mzima dalali hakuletei ofa hata ya kipuuzi, wala lalamiko hata la choo, moja kati ya mawili: hakuna anayemleta, au anakuficha.

Sasa malipo yake. Mjini utasikia asilimia 5, utasikia 10, wapo wanaokubali 3. Siwezi kukupangia, ila namba hiyo ikubaliwe mwanzo, iandikwe, na itoke kwenye bei ambayo nyote watatu mnaijua: wewe, yeye, mnunuzi. Karatasi moja inatosha. Kamisheni ni asilimia ngapi, analipwa lini (mimi nasema baada ya hela kuingia benki, si siku ya kusaini), amepewa miezi mingapi, na akileta dalali mwenzake watagawana chake wao kwa wao bila kukuongezea wewe. Shangazi aliandika miezi sita.

Kuna wanaodhani dalali wa mtaani yuko nje ya sheria kwa sababu hana ofisi. Wenzetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Ukiwa Nairobi una mahali pa kuuliza kama huyu ameandikishwa. Dalali wetu wa kijiweni hana bodi ya namna hiyo juu yake. Lakini Sheria ya Mikataba, sura ya 345, ina sehemu nzima inayomhusu wakala, awe na ofisi au awe chini ya mwembe. Anatakiwa afuate maelekezo yako, akupe hesabu ukiitaka, akuulize panapotokea ugumu. Na akijifanyia biashara yake mwenyewe ndani ya kazi yako bila wewe kujua, una haki ya kudai faida aliyoipata. Bila wewe kujua. Sasa mtu uliyemwambia kinachozidi ni chako, utamwendea na kifungu gani?

Hela isipite mkononi kwa dalali, hata awe mtakatifu. Benki kwa benki, mkataba umetayarishwa na mwanasheria, kibali cha uhamisho kinafuata kwa Kamishna wa Ardhi. Na kwa maeneo yasiyopimwa kuna ile asilimia 10 ambayo baadhi ya ofisi za serikali ya mtaa huidai ili zigonge muhuri. Serikali yenyewe imekemea mchezo huo mara nyingi. Dalali wako akikwambia "hiyo ni utaratibu", muulize utaratibu umeandikwa wapi, na kama naye ana fungu humo.

Na wewe mwenye nyumba usijifanye malaika. Dalali kaleta mnunuzi, kalipa nauli ya bodaboda mara sita, kajibu simu usiku, halafu unambana mnunuzi pembeni: "Tumruke huyu, nikupunguzie mbili." Nimewaona watu wa heshima zao, wa safu ya mbele msikitini na kanisani, wakifanya hivyo. Nusu ya cha juu cha mji huu imezaliwa hapo. Dalali aliyerukwa mara tatu hatakuambia tena bei ya kweli, kwa sababu ukweli umeshamlaza njaa.

Nyumba ya shangazi iliuzwa milioni 87. Asilimia 5 ya mzee ikawa milioni 4.35, shangazi akabaki na 82.65 kabla ya kodi na mwanasheria. Siku ya malipo benki mzee alikaa kiti cha nyuma kabisa, hakusogea dirishani mpaka shangazi alipomwita. Akaandika kwenye kaunta buku, akapiga mstari chini, akaomba maji ya kunywa.

Shangazi yuko Tanga sasa. Mwenye nyumba mpya kapaka geti rangi nyeusi na mwembe ameukata, anasema majani yanaziba mfereji. Wiki iliyopita binamu yangu wa Mwanza kanitumia tena ile picha: geti la buluu, mwembe, kitenge kwenye kamba. Bei imepanda, ni 120. Inaongeleka.